Kapewa Tembo, Kanyimwa Gofu

Mwachie mwanakijiji gofu, kesho atang'oa mawe ajengee choo. Mwachie pango lenye michoro, atachimba sakafu akitafuta hela za Mjerumani. Mwachie diwani kiingilio cha watalii, kitaishia kwenye posho za vikao. Kauli za namna hii husikika kila unapojadiliwa urithi wetu wa kale. Wakati wa chai husemwa kwa kicheko. Kikao kikirejea hupigwa pasi zikawa lugha ya maandiko ya miradi, ambamo mwanakijiji hatukanwi tena, ila "hujengewa uwezo". Hitimisho huwa lile lile: malikale ni mali ya taifa, basi zikae mikononi mwa idara na mamlaka za taifa chini ya wataalamu. Wazee wa mila na viongozi wa halmashauri washirikishwe. Yaani waitwe, wasikilizwe, wasaini daftari la mahudhurio, warudi makwao.

Hoja hii naipinga, tena siipingi nusunusu. Sisemi tu kwamba wenyeji washirikishwe zaidi. Nasema wao ndio wawe wasimamizi: washike ufunguo, washike daftari la mapato, wawe na haki ya kusema hapana. Mtaalamu na idara yake wabaki na kazi wanayoiweza kweli, ya kushauri, kukagua, na kusimamisha mkono unaotaka kubomoa. Ukiniambia huo ni wendawazimu, nitakuuliza kwa nini tumekwisha kuufanya kwa misitu na wanyamapori bila nchi kuanguka.

Lakini kwanza utaalamu, maana ndio ngao kubwa ya wanaotetea hali ilivyo. Uliza kwa nini kijiji cha Kilwa Kisiwani hakiwezi kusimamia magofu ambayo nyumba za wanakijiji zimejengwa katikati yake. Utajibiwa kwamba kijiji hakina waakiolojia. Haya, nani anayasimamia sasa? Miaka ya karibuni serikali iliyakabidhi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kimondo cha Mbozi, ambacho nacho kilikuwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale, kilikwenda kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na kutoka Ngorongoro hadi Mbozi ni safari ya kuvuka nchi. Sina ugomvi na askari wa wanyamapori. Meli za watalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa, na hilo si jambo dogo kwa wilaya iliyosahauliwa kwa muda mrefu. Ila tusidanganyane: aliyefunzwa kukabili majangili hamzidi mvuvi wa Kisiwani kwa kujua jinsi ukuta wa matumbawe wa karne ya 14 unavyokunywa chumvi ya bahari. Serikali ilipofanya uamuzi ule haikuwa ikitafuta akiolojia. Ilitafuta chombo chenye magari, nidhamu na mazoea ya kukusanya kiingilio. Ni sababu za kueleweka. Lakini ukishazikubali, hoja ya utaalamu imekwisha kufa, na wanaoendelea kuitumia dhidi ya kijiji wanatumia maiti.

Sasa ubaki hapo hapo wilayani Kilwa, ila uache kisiwa uende bara, kwenye miombo. Huko unaota mpingo, mti ambao mbao zake zinakwenda kutengenezwa klarineti na zumari za Ulaya. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikaandika mpango wa usimamizi, kikapitisha sheria ndogo, kikaunda kamati yenye mamlaka ya kukamata mvunaji haramu, na kuuza magogo yake chenyewe kwa fedha zinazoingia kwenye akaunti ya kijiji. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, kwa msaada wa shirika la MCDI, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo chini ya jamii. Mtaalamu yumo: anahesabu miti, anafundisha, anakagua. Lakini mwenye msitu ni kijiji, na gogo haliondoki bila kijiji kuridhia.

Na wanyamapori je? Wapo chini ya Sheria ya mwaka 2009, inayoruhusu vijiji kuungana na kuunda jumuiya za hifadhi, kama ile ya Burunge kati ya Tarangire na Manyara, na kuingia mikataba na wawekezaji. Zina kasoro zake, sikatai. Fedha huchelewa, mipaka huleta magomvi, na wapo wanavijiji wanaosema waliachiwa tembo wala mazao wakanyimwa tembo wa kupigwa picha. Hata hivyo kanuni imekubalika: mwanakijiji anaweza kukabidhiwa mnyama mwenye tani tano za uzito na pembe zinazowindwa na magenge ya dunia nzima. Ukuta uliosimama tangu enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambao hauhamihami wala hauli mahindi ya mtu, huo hawezi kuaminiwa nao.

Kwa nini? Jibu linakaa katika sheria zenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ni mtoto wa sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 ya kuhifadhi kumbukumbu za kale. Imerekebishwa, lakini umbo lake halijabadilika. Kila kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa, kibali hutoka juu, na chini wanabaki watu wa kuambiwa. Misitu na wanyamapori nazo zilikuwa na sheria za sura hiyo hiyo, ila zenyewe zilifumuliwa na kushonwa upya wakati wa mageuzi ya miaka ya 1990 na baada yake. Malikale zilipata sera mwaka 2008, yenye maneno mazuri juu ya jamii na serikali za mitaa. Sera haikamati mtu wala haikusanyi senti. Kijiji kikifukuza mvamizi aliyeingia kwenye magofu, kinasimama juu ya nini?

Najua mtetezi wa upande wa pili anakosa subira. Anataka kunikumbusha mawe ya Kilwa yaliyochomolewa, mikoko iliyokatwa mpaka bahari ikaanza kuimega kingo za kisiwa, na mashimo ya Kondoa. Yote ni kweli. Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004 na haikutoka humo mpaka 2014. Lakini kipindi chote kile Kilwa haikuwa chini ya kijiji. Ilikuwa chini ya idara. Ukiniletea ushahidi wa uharibifu uliotokea wakati mlinzi ni wewe, unaushitaki ulinzi wako mwenyewe. Mikoko ilikatwa mbele ya nani? Mawe yalichukuliwa ufunguo ukiwa kwa nani?

Niseme zaidi kuhusu zile hela za Mjerumani, kwa sababu ndicho kichekesho kinachopendwa kuliko vyote. Inaaminika sehemu nyingi za nchi hii kwamba Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifukia dhahabu na rupia, wakaacha alama kwenye miamba. Kondoa, yenye mapango na majabali yaliyochorwa, imechimbwa kwa imani hiyo, na kila shimo la namna hiyo ni ukurasa wa historia uliochanwa. Sitetei shimo hata moja. Ila jiweke mahali pa kijana wa Pahi au Kolo, vijiji vya huko Kondoa. Tangu babu yake ameona magari yakija na wageni. Wanafunga kamba wakipima miraba, wanachimba kwa vijiko, wanachekecha mchanga, kila kipande wanakitia kwenye mfuko wenye namba, wanapakia masanduku, wanaondoka. Vijana wa kijiji wanalipwa ujira wa siku. Baada ya hapo haji mtu kueleza kilichopatikana. Kitabu hutoka ng'ambo kwa lugha nyingine, na makala huwekwa mtandaoni kwenye kurasa za kulipia. Hata kazi kubwa ya Neville Chittick juu ya Kilwa ilitoka mwaka 1974 kwa juzuu mbili nene za Kiingereza. Mtu mwenye akili timamu, aliyeachiwa ushahidi wa namna hiyo, akate shauri gani? Kwamba watu wazima wametoka Ulaya na Dar es Salaam kufuata vipande vya mawe? Kijana yule amefanya utafiti wake kwa data aliyopewa. Nyundo na shoka lake ni matokeo ya siri yetu, na tiba ya siri haiwezi kuwa kuongeza walinzi.

Halafu tuzungumze uharibifu wa wenye elimu, ambao haufanyiwi warsha.

Mwaka 1978 huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, ziligunduliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Mary Leakey na wenzake walifanya kazi kubwa inayostahili heshima ya dunia. Mwaka uliofuata nyayo zikafukiwa ili zihifadhike. Udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, ikanawiri, mizizi ikateremka kuelekea kwenye nyayo zile zile zilizofukiwa ili zisalimike. Katikati ya miaka ya 1990 Taasisi ya Getty ya Marekani pamoja na Idara ya Mambo ya Kale walilazimika kufukua, kuua mizizi, na kufukia tena kwa uangalifu zaidi. Awamu hiyo ya pili wazee wa Kimaasai na loiboni wao, kiongozi wa matambiko, waliingizwa, kondoo akachinjwa, mahali pakapewa heshima ya mahali patakatifu. Wanasayansi wenyewe walifika kukiri kwamba nyayo zilizo katika malisho ya Wamaasai hazitalindwa na mtu yeyote kuliko Mmaasai anayeamini kwamba hapo si pa kuchezewa.

Nenda pwani uangalie majengo ya kale yaliyozibwa nyufa kwa saruji na wahandisi wa miaka ile. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu unanasa ndani, chumvi inafura, jiwe la tumbawe linapasuka kando ya kiraka. Fundi mzee wa kisiwani, aliyejifunza kwa babaye kuchoma chokaa kwenye tanuu na kuilaza kwa muda kabla ya kuipiga lipu, angeliweza kuwaeleza bure. Hakuulizwa, kwa kuwa hakuwa na cheti. Miaka mingi baadaye, wafadhili walipoleta fedha za kukarabati Kilwa, mafundi wa chokaa walitafutwa kwa tochi. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Na Beit al-Ajaib. Jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, sura ya Mji Mkongwe wa Unguja, lilikuwa chini ya serikali, ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, lenye mamlaka yake maalumu ya uhifadhi, na ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, wakafa mafundi wawili. Silitaji kwa kumcheka mtu. Nalitaja kwa sababu lingeporomoka mikononi mwa shehia, leo tungekuwa bado tunasimuliwa kama ushahidi kwamba wenyeji hawawezi. Liliporomoka mikononi mwa dola na wataalamu, na hakuna aliyependekeza dola ipokonywe majengo.

Kolo inastahili tutulie kidogo, kwa kuwa hapo ndipo unafiki unapoonekana waziwazi. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Ni zaidi ya mapango na vivuli vya miamba 150, kwenye mteremko wa bonde la ufa. Moja ya sababu zilizotolewa ili ikubaliwe ni kwamba baadhi ya mahali hapo bado ni pa ibada: Warangi na majirani zao huenda kuomba mvua, kuagua, na kutibu wagonjwa, Mungumi wa Kolo ikiwa maarufu kuliko zote. Kwa maneno mengine, mganga na mgonjwa wake walisaidia nchi kupata cheti cha dunia. Kilipopatikana, mganga akageuka tatizo. Tambiko huambatana na pombe ya kienyeji, na pombe ikirushwa kwenye mwamba huathiri rangi. Sheria ya 1964 inaijua michoro, inalijua kaburi na chombo. Tambiko haina mahali pa kuliweka. Kwa hiyo mhifadhi anayemzuia mzee yuko sahihi kisheria, na kwa kumzuia anaua sababu mojawapo iliyoleta ulinzi wenyewe.

Zamani walijaribu vizimba. Mbele ya baadhi ya michoro zikajengwa nguzo na nyavu za chuma. Nyavu hazikudumu, wenyeji wakazing'oa kwa matumizi yao, na mpaka leo kisa hicho husimuliwa kama mfano wa ushenzi. Mimi nakisoma vingine: watu walikuta mahali pao pa kuombea pamefungwa kama banda la kuku, na hawakuulizwa. Tena hao ni watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1979, katika mradi wa HADO wa kuzuia mmomonyoko, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoathirika la Kondoa. Udongo ulinufaika, majani yakarudi. Lakini mzee aliyeswagwa na ng'ombe wake, akisikia tena neno hifadhi likitoka kwenye gari la serikali, ana haki ya kushika fimbo yake vizuri.

Suala la pombe linatatulika. Imwagwe chini badala ya kwenye mwamba; tambiko lihamie kivuli kisicho na michoro dhaifu; kiwepo kipindi ambacho wageni hawaingii. Anayeweza kufanya mapatano hayo ni mzee mwenye mamlaka juu ya waganga, si ofisa anayekuja na tangazo. Mwiko unatiiwa kwa sababu ya aliyeutoa.

Kenya wamekwenda hatua moja mbele yetu, na wamekwama mahali pa kutufundisha. Makaya ya Wamijikenda, ile misitu yenye mabaki ya makazi ya kale yenye maboma, yalianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kundi lake likaingia Urithi wa Dunia. Wazee wenyewe walikuwa wakilia juu ya wanyakuzi wa ardhi na hoteli za ufukweni. Walichokosa ni mhuri. Serikali ilipowapa mhuri, na kuunda kitengo cha misitu ya pwani ndani ya Makumbusho ya Taifa, mwiko wa mzee na sheria ya nchi vilianza kusaidiana. Kaya Kinondo ikafungua njia ya wageni chini ya masharti ya wazee: kaniki kiunoni, hakuna kuokota hata jani. Ni mfano unaotajwa kote, na ni haki utajwe. Ila tangazo la gazeti la serikali limelinda miti kuliko lilivyomlinda mzee. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba. Kaya isiyo na mzee ni kichaka tu chenye kibao, na sijaona mradi wa urithi wenye bajeti ya kumkinga mwenye urithi asikatwe mapanga.

Na vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, hili nalo lisemwe lote. Ni kweli vijana wa Kigiriama waliiba vigango vya mababu zao wakauza. Nani alinunua? Wafanyabiashara wa sanaa, na baada yao majumba ya makumbusho ya Marekani yenye wasomi wa kutosha kujua kwamba hakuna mzee anayeng'oa kigango cha marehemu akauza. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kwenye familia yao mwaka 2007. Vingine vimekuwa vikirudi kwa makumi. Swali gumu likaja na masanduku: vikae wapi? Kwa akili ya makumbusho, kitu kilichookolewa kinawekwa stoo, kinapuliziwa dawa, kinafungiwa. Kwa akili ya mzee, kigango husimikwa na kuachwa. Mchwa wakila, ndivyo ilivyokusudiwa, na kukihamisha ndiko kosa. Nani yuko sahihi? Mwanasheria wa makumbusho atasema kimoja. Mimi nauliza babu ni wa nani.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka makumbusho kwenye orodha ya kazi za kaunti, ikayabakiza majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu. Tangu hapo viongozi wa kaunti za pwani wamedai sehemu ya viingilio vya Fort Jesus na magofu ya Gede. Gavana anayeitamani Gede kwa ajili ya geti la kiingilio peke yake simtetei. Akipata geti bila wajibu wa ukuta, tutakuwa tumebadilisha mlaji tu. Lakini fikiria upande wa pili: kaunti inachonga barabara, inazoa taka, inatoa vibali vya ujenzi, inapima viwanja vinavyopakana na magofu. Ndiyo inayoamua kama jirani wa Gede atakuwa shamba la minazi au ghorofa. Chombo chenye nguvu ya kuliua eneo la kale kwa kibali kimoja cha ujenzi hakiwezi kuachwa bila sehemu yoyote katika kuliweka hai. Halmashauri zetu Tanzania ni hivyo hivyo. Ofisa utamaduni wa wilaya mara nyingi hana hata pikipiki, na ramani za mipango miji hupita bila yeye kuziona.

Na sasa Lamu, ambako ningependa wale wa "mwachie mwanakijiji" wanijibu. Nani aliulinda mji wa Lamu dhidi ya hatari kubwa kuliko zote za kizazi hiki? Bandari ya mradi wa usafirishaji wa LAPSSET ilipangwa na serikali kuu. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipewa leseni ya mazingira na taasisi ya taifa mwaka 2016. Waliosimama ni wavuvi, wazee, na vikundi vya wakazi. Walikwenda mahakamani bila digrii za akiolojia. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao, pamoja na haki ya utamaduni, zimekiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni ya makaa. Lamu imekuwa Urithi wa Dunia tangu 2001. Lakini siku ya hatari hati ya UNESCO ilihitaji mtu wa kuibeba kwa miguu mpaka kizimbani, na mtu huyo alikuwa mwenyeji. Maana mwenyeji akishindwa hana pa kuhamia. Mtaalamu ana mradi mwingine.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote na halipaswi kupigwa chenga: wenyeji si kitu kimoja. Mzee wa mila na mwenyekiti wa halmashauri wanaweza kuwa maadui. Mzee anataka pango lifungwe siku ya ibada, halmashauri inataka lifunguliwe siku zote kwa kuwa bajeti ina tundu. Shehe hataki kusikia habari za mizimu kwenye makaburi ya masharifu. Wanawake, ambao pwani ndio wenye kuyazuru makaburi hayo kwa nadhiri, hawako kwenye kamati. Vijana wanawaona wazee kama kizuizi cha ajira. Yote nayakubali. Ila ugomvi wa watu wanaoishi pamoja una sifa moja: kesho kutakuwa na msiba, na wote watakutana kaburini. Hulazimika kupatana. Mhifadhi aliyetofautiana nao anaweza kuomba uhamisho, na mrithi wake anaanza na daftari jipya. Kama tungesubiri vijiji viwe na umoja ndipo vipewe misitu, hakuna kijiji kingekuwa na msitu leo.

Wala siombi imani tupu. Msitu wa kijiji una mpango wa usimamizi unaokubaliwa na wilaya, una ukaguzi, na ukiharibiwa hatua huchukuliwa. Wekeni vivyo hivyo kwa magofu. Pasiwe na kuchimba bila idara. Pasiwe na kutia saruji bila mtaalamu. Idara iwe na haki ya kusimamisha kazi papo hapo. Kila mtafiti, kabla ya kupewa kibali kipya, aoneshe ripoti ya Kiswahili aliyoiacha kwenye ofisi ya kijiji mara iliyopita. Hilo moja peke yake lingewamaliza wachimba dhahabu kuliko askari mia. Na fedha za kiingilio zisiende kwanza Hazina zikarudi kama zawadi. Sehemu iliyotajwa kwa asilimia ibaki kijijini na wilayani, na ionekane kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kama yanavyobandikwa mapato mengine.

Kwa Kolo kazi haihitaji hata mfadhili. Yapo maswali machache: vivuli vipi viwe vya ibada na vipi vya wageni, siku zipi pasiingiwe, pombe imwagwe wapi, ufunguo ukae kwa nani akisafiri mwenye ufunguo, kiingilio kigawanywe vipi baina ya vijiji vyenye michoro na vile vyenye barabara tu. Wazee wanaweza kuyajibu, Baraza la Madiwani la Kondoa linaweza kuyaandika kama sheria ndogo, na mtaalamu wa rangi za miamba anaweza kusema wapi pamekosewa. Kinachokosekana ni kifungu katika Sheria ya Mambo ya Kale kitakachofanya karatasi hiyo iwe na nguvu hata mbele ya mkurugenzi wa idara, na kifungu hicho Bunge linaweza kukinakili kutoka Sheria ya Misitu, iliyokwisha kupitishwa na Bunge hilo hilo.